Folki roki na roki laini: majina mawili, maswali mawili

Mwombe mpenzi wa muziki wa magitaa ya taratibu akutajie vipenzi vyake. Utasikia Simon & Garfunkel, James Taylor, Joni Mitchell, Carpenters, Eagles, Fleetwood Mac, Cat Stevens, pengine na Bread. Kisha mwulize ni nani kati yao anapiga folki roki na ni nani anapiga roki laini. Hapo ubishi huanza. Mmoja atasema James Taylor ni folki, si unaona gitaa kavu alilopakata? Mwenzake atasema ni roki laini mtupu, si unasikia anavyobembeleza? Na wote wawili wako sahihi.

Tatizo ni kudhani kwamba majina haya ni vyumba viwili vilivyopakana, kwamba ukitoka kimoja lazima uwe umeingia cha pili. Sivyo yalivyo. Ni majibu ya maswali mawili tofauti kabisa. Folki roki hujibu swali la asili: wimbo huu umetoka wapi, na umefikaje kwenye umeme? Roki laini hujibu swali la matumizi: wimbo huu utapigwa wapi, na anayeusikiliza anafanya nini wakati huo? Jina la kwanza lilizaliwa kwenye ugomvi wa wanamuziki na mashabiki wao. La pili lilikuzwa na watu wa redio. Mtu anayejua hivyo hapati tabu kuona bendi moja ikiitwa yote mawili, wala kuona nyingine ikistahili moja tu.

Tuanze na la kwanza, maana ndilo lenye visa.

Folki ni nyimbo za watu: za mabaharia, wakulima, wachimba migodi, za mapenzi na za mauaji, zilizopokezanwa kwa mdomo hadi jina la mtunzi likapotea. Miaka ya 1950 vijana wa Marekani walizifufua, na mwaka 1958 kundi la Kingston Trio likaupandisha "Tom Dooley", wimbo wa zamani juu ya mtu aliyenyongwa North Carolina mwaka 1868, hadi namba moja. Wapenzi wa folki walikuwa na imani yao na hawakuificha: gitaa kavu, banjo, sauti isiyorembwa, maneno mbele ya kila kitu. Gitaa la umeme kwao lilikuwa alama ya biashara na ya nyimbo za watoto wa shule.

Ukuta huo ulianza kupata nyufa mwaka 1964, bendi ya Animals kutoka Newcastle ilipochukua wimbo wa jadi, "The House of the Rising Sun", ikautia ogani na gitaa la umeme, ukawa namba moja Uingereza na Marekani. Lakini aliyeuangusha ni kijana wa banjo. Jim McGuinn, ambaye baadaye alijiita Roger, aliitazama filamu ya Beatles mwaka huohuo, akaliona gitaa la George Harrison, Rickenbacker la umeme lenye nyuzi 12, akaenda kujinunulia la kwake.

Inafaa kulitazama gitaa hilo kwa karibu, kwa sababu nusu ya maana ya folki roki iko humo. Nyuzi 12 zimepangwa jozi sita. Katika jozi nne za upande wa besi, uzi mmoja hupanda oktavu nzima juu ya mwenzake, yaani noti ileile kwa sauti nyembamba zaidi; katika jozi mbili nyembamba, nyuzi zote mbili hutoa noti ileile. Kwa kuwa haziwezi kulingana kikamilifu, zinatetemeshana. Piga noti moja utasikia mbili zikivutana, na mlio unameremeta. McGuinn aliongeza ufundi wa vidole alioupata kwenye banjo, na studio ikaibana sauti ili noti isife mapema. Matokeo yake yalikuwa mlio wa kengele ndogondogo ambao hakuna gitaa kavu lingeweza kuutoa.

Tarehe 20 Januari 1965, bendi yake ya Byrds ilirekodi kwa mlio huo "Mr. Tambourine Man" ya Bob Dylan, mtunzi wa folki. Ukweli ni kwamba kati ya Byrds watano, aliyepiga ala siku ile ni McGuinn peke yake. David Crosby na Gene Clark walitia sauti. Dramu, besi na vyombo vingine vilipigwa na wanamuziki wa kukodi wa Los Angeles. Kisha Dylan aliandika beti nne, Byrds wakaimba moja. Kwa hiyo muziki uliojivunia ukweli na maneno uliingia kwenye roki kwa mikono ya vibarua wa studio na kwa kupoteza robo tatu ya mashairi yake. Mimi hilo halininyimi usingizi, wimbo ni mtamu. Ila likumbukwe kila mtu anapohubiri kwamba folki roki ni safi na roki laini ni ya kiwandani.

Kisa cha Dylan kupanda jukwaani kwenye tamasha la folki la Newport na gitaa la umeme tarehe 25 Julai 1965, na baadhi ya watu kumzomea, kimesimuliwa mpaka kimechakaa. Nakipita. Kinachonivutia zaidi kilitokea majuma machache kabla yake, bila mtazamaji hata mmoja.

Simon & Garfunkel walikuwa wametoa albamu Oktoba 1964, ikadoda. Wawili hao wakatawanyika, na Paul Simon akaenda Uingereza kupiga kwenye vilabu vidogo. Ndani ya albamu hiyo mlikuwa na wimbo mmoja wa gitaa kavu na sauti mbili, "The Sound of Silence", ambao vituo vichache vya redio vilianza kuombwa na wasikilizaji. Prodyuza wao, Tom Wilson, alikuwa studio New York tarehe 15 Juni 1965 akirekodi na Dylan. Siku hiyohiyo aliwaita wapiga ala, akawachezea ile kanda ya zamani, wakaongeza gitaa la umeme, besi na dramu juu yake. Waimbaji hawakuulizwa wala hawakuambiwa.

Usikilize wimbo huo kwa spika za masikioni utagundua shida waliyoipata. Sauti zilirekodiwa bila dramu, kwa hiyo mwendo wake unapumua: unaharakisha kidogo hapa, unasita pale, kama mtu anayetembea huku akiongea. Mpiga dramu kazi yake ni kushika mwendo, lakini hapa ilimbidi awafuate watu ambao hawakuwemo chumbani na hawakujua kama yupo. Zipo sehemu unamsikia anawakimbilia. Tarehe 1 Januari 1966 wimbo ulikuwa namba moja Marekani, na Simon akarudi nyumbani kuwa nyota kwa kazi ambayo nusu yake hakuifanya.

Kufikia hapo mtu anaweza kudhani folki roki ni lazima iwe tamu na tulivu. Basi na avuke bahari. Huko Uingereza bendi ya Fairport Convention ilipata ajali ya barabarani Mei 1969; mpiga dramu wao, Martin Lamble, alikufa akiwa na miaka 19. Waliobaki hawakuweza kurudia nyimbo zao za zamani. Walijifungia kiangazi kizima kwenye nyumba moja huko Hampshire, wakamchukua mpiga fidla Dave Swarbrick, na mpiga besi Ashley Hutchings akawa anapekua hazina ya nyimbo za jadi iliyohifadhiwa Cecil Sharp House, London. Desemba mwaka huo ikatoka Liege & Lief.

Wamarekani walitia umeme kwenye mashairi mapya. Waingereza hawa walitia umeme kwenye tungo za karne nyingi. "Matty Groves" ni kisa cha mke wa bwana mkubwa anayemtongoza kijana wa watu. Mume anarudi, anawakuta kitandani, anawaua wote wawili. Mwimbaji wao, Sandy Denny, anausimulia bila kupandisha sauti wala kulia, kama mtu anayetoa ushahidi, kisha fidla na gitaa la Richard Thompson vinashikana na kukimbizana mpaka dakika ya nane inapita. Ni folki kuliko yote niliyoitaja hadi sasa, na hakuna mtangazaji wa redio ya utulivu angethubutu kuupiga mtu akiwa anaendesha gari kwenda kazini. Asili yake ni folki, lakini kwa matumizi si laini hata chembe.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao unahitaji jambo moja lieleweke kwanza: kilichobadilika si sauti tu, bali na mwenye kusema. Folki ya zamani ilisema "sisi": sisi wafanyakazi, sisi tunaopinga vita. Kuanzia mwaka 1968 hivi, vilimani kwa Laurel Canyon juu ya Los Angeles, waimbaji waliokulia kwenye folki walianza kusema "mimi". Joni Mitchell aliishi huko, na Graham Nash naye akahamia kwake. David Crosby, Stephen Stills na Nash wakaunganisha sauti zao tatu na kutoa albamu mwaka 1969. Mitchell aliugua polio utotoni na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu, basi akawa anazilegeza na kuzikaza nyuzi kwa mipangilio yake mwenyewe ili apate kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, bila kuvikunja vidole sana. Kodi hizo zinaning'inia, hazitui. Ukisikiliza albamu yake ya Blue ya mwaka 1971 na kuhisi kama kuna neno halijamaliziwa, ni mkono ule.

Kisha James Taylor. "Fire and Rain" ya mwaka 1970 inahusu rafiki aliyejiua, na yeye mwenyewe akipambana na dawa za kulevya na hospitali. Maneno mazito kuliko hayo ni machache. Lakini sikiliza yalivyovishwa: besi ya kusimama inayokwaruzwa kwa upinde, piano ya Carole King, na Russ Kunkel akipiga dramu kwa brashi badala ya fimbo, hivyo hata anapozipiga kwa nguvu zinatoa mvumo wa ngurumo ya mbali. Maumivu ni makali, na kila kitu kinachoyazunguka kimefungwa pamba. Kwangu mimi, ukinilazimisha nioneshe mahali roki laini ilipozaliwa, nitaonesha brashi zile.

Huyo Carole King ndiye anayevuruga hesabu zote. Hakutoka kwenye folki. Tangu ujanani alikuwa mtunzi wa kuajiriwa New York, akiandika na mumewe Gerry Goffin nyimbo za kuimbwa na wengine, moja baada ya nyingine, kwa ajili ya soko. Januari 1971 akaingia studio Los Angeles na kurekodi Tapestry, iliyokaa namba moja Marekani wiki 15. Humo mna "You've Got a Friend". Taylor naye akaurekodi kipindi hichohicho, Mitchell akimwitikia, na toleo hilo la Taylor likawa namba moja Julai 1971. Sasa wasikilize wote wawili. La King lina piano na watu huliita popu au roki laini. La Taylor lina gitaa kavu na watu hukuapia kwamba ni folki. Wimbo ni uleule, mtunzi ni yuleyule! Tukifuata swali la asili, si folki hata kidogo. Gitaa limetudanganya.

Ulaini wenyewe ni kazi ya mikono. Mwimbaji husogezwa karibu kabisa na maikrofoni, kiasi kwamba unasikia pumzi ikivutwa kabla ya neno. Ngozi za dramu hufunikwa kitambaa, au hata pochi ya mtu huwekwa juu yake, ili mlio ukatike haraka. Sauti za kuitikia hurekodiwa tena na tena juu ya zenyewe. Richard na Karen Carpenter, watu wawili tu, walijizidisha hivyo mpaka wakawa kwaya. Sauti ya Karen ilikaa chini, mahali ambapo waimbaji wengi wa kike hawakai, na hakuhitaji kuisukuma. Mwaka 1972 walithubutu kuingiza gitaa la umeme linalokoroma kwenye "Goodbye to Love", lililopigwa na Tony Peluso, na baadhi ya mashabiki wakawaandikia barua za hasira. Hapo unaona kwamba ulaini ulikwisha kuwa ahadi kwa msikilizaji, na ahadi ikivunjwa watu huja juu.

Mfano wa mbali kabisa ni "I'm Not in Love" ya bendi ya 10cc, namba moja Uingereza mwaka 1975. Kile kinachosikika kama ukungu nyuma ya mwimbaji si kinanda. Ni wanabendi watatu walioimba noti moja pamoja, wakairudia mara 16, zikapatikana sauti 48. Kisha noti inayofuata, na inayofuata. Kila noti ikawekwa kwenye kanda inayozunguka bila mwisho, na kodi zikapigwa kwa kuinua na kushusha vidhibiti vya sauti kwenye meza ya studio, kana kwamba meza ndiyo ala. Ule mnong'ono wa kike katikati ya wimbo ni wa mhudumu wa mapokezi wa studio hiyo. Vua mavazi hayo yote, ubaki na gitaa moja, na wimbo unabaki mifupa tu. Jaribu hivyohivyo kwa "The Sound of Silence" uone: unarudi ulikotoka, na unasimama vizuri.

Kwa nini kazi yote hii ikafanywa miaka ileile? Jibu kubwa ni redio. Katika miaka ya 1960 serikali ya Marekani ilivizuia vituo vya miji mikubwa kurudia tu kwenye FM matangazo yao ya AM. Ghafla kukawa na saa nyingi za kujazwa, kwenye mawimbi yenye sauti safi ya stirio, ambako pumzi na brashi vinasikika. Waliokuwa vijana wa roki walikuwa wamekua, wana kazi na watoto. Walitaka roki, lakini si ya kuwaamsha watoto. Jarida la Billboard lilikuwa na chati ya muziki wa kusikiliza kwa raha tangu mwaka 1961, na mwaka 1979 likaibadili jina iwe ya watu wazima. Jina hilo linamtaja msikilizaji. Muziki wenyewe haliutaji hata.

Wapo waliokataa kusikilizwa hivyo. Mwaka 1972 "Heart of Gold" ya Neil Young ilikuwa namba moja, ikaondolewa na "A Horse with No Name" ya bendi ya America, vijana waliokutana Uingereza, ambako baba zao walikuwa kwenye jeshi la anga la Marekani. Wengi walidhani ule wa pili nao ni wa Young, kwa jinsi sauti zilivyofanana. Young mwenyewe aliandika baadaye kwamba kibao chake kilimweka katikati ya barabara, ikamchosha, akaelekea mtaroni. Albamu zake zilizofuata ni chafu kwa makusudi.

Eagles hawakwenda mtaroni. Walianza mwaka 1971 kama wapiga ala wa Linda Ronstadt, wakachanganya kantri, folki na roki, wakaisugua mpaka ikang'aa. Mkusanyiko wao wa kwanza wa vibao ulithibitishwa mwaka 2018 kuuza nakala milioni 38 Marekani. Nawaheshimu kuliko ninavyowapenda. Fleetwood Mac ndio ninaowapenda, nao kwa asili si folki kabisa: ni bendi ya bluzi ya London ya mwaka 1967, iliyookolewa na Lindsey Buckingham na Stevie Nicks kutoka California. Rumours ya mwaka 1977, iliyotengenezwa huku wapenzi ndani ya bendi wakiachana, ilikaa namba moja Marekani wiki 31. Humo "Songbird" ya Christine McVie ilirekodiwa kwenye ukumbi mtupu wa Berkeley, yeye na piano, na viti visivyo na watu.

Baada ya hapo roki laini ikazidi kulegea. Christopher Cross alinyakua tuzo nne kuu za Grammy usiku mmoja mwaka 1981, vinanda vya umeme vikatwaa nafasi ya magitaa, na tangu 2005 watu wanaiita roki ya mashua za matajiri, jina lililotoka kwenye vichekesho vya mtandaoni. Asili ya folki haisikiki tena humo.

Ila tarehe 11 Juni 1988, kwenye uwanja wa Wembley, katika tamasha la kumwadhimisha Nelson Mandela kwa miaka 70, Stevie Wonder aligundua kwamba diski yenye muziki wa kinanda chake imepotea. Akaondoka. Pengo lile lilipaswa kuzibwa mara moja, mbele ya kamera zilizorusha tamasha duniani kote, na aliyekuwa tayari ni msichana wa miaka 24 ambaye hakuhitaji kuunganishiwa chochote zaidi ya maikrofoni. Tracy Chapman alitoka na gitaa kavu moja akaimba "Fast Car". Msichana, baba mlevi, kazi ya dukani, gari: kisa kinachosimuliwa bila kupandisha sauti, kama Sandy Denny. Ukapanda hadi namba sita Marekani, na redio za watu wazima zikaupiga miaka na miaka kwa sababu haumwamshi mtoto. Mwaka 2023 mwimbaji wa kantri Luke Combs akaurudia karibu neno kwa neno, na Chapman akatunukiwa Wimbo wa Mwaka na Chama cha Muziki wa Kantri, mtunzi wa kwanza mweusi kuipata tuzo hiyo.